Nilivyokufa Mto Kavuu Nikiwa Mwese

Mpaka leo nikipita mitaa ya Nsemulwa, hapa Mpanda, kuna watu wakiniona wanajifanya wanakohoa, na nyie mnaonijua mnajua wanachokikohoa, kwa hiyo bora niwaeleze kwa mdomo wangu mwenyewe kuliko kuendelea kuisikia kwa watu ambao siku ile hata hawakuwepo, maana kila anayeisimulia anaongeza chumvi, kuna mmoja anasema nilitoka kaburini na sanda yangu, uongo mtupu, kaburi lilikuwa bado halijachimbwa, walikuwa ndio kwanza wanabishana mwili upo wapi. Lakini kwamba nilikufa, nikaliliwa, na mimi mwenyewe nikakaa hapo nikajililia, hilo ni kweli na silikatai.

Ilikuwa miaka ya tisini, simu za mkononi tulikuwa hatujaziona, na mimi ndiye niliyekuwa na redio koli. Sio moja, mbili! Moja dukani kwangu Nsemulwa, mbele ya nyumba yangu, nyingine Mamba nilikozaliwa, kwenye ghala langu la mpunga. (Sikurithi kwa mtu. Nilianza na baiskeli isiyo na breki, nikaja kununua lori, nikaliandika mbele SINA MPINZANI kwa rangi nyekundu, na kweli sikuwa naye.) Kwa ambaye hajaiona redio koli, ni sanduku linakaa mezani, waya wake unapanda juu ya mti, chini kuna betri ya gari, unabonyeza kipaza sauti unaongea, ukimaliza unasema "ova" ili mwenzako naye aongee, na kila mwenye sanduku kama hilo anawasikia, iwe misheni, iwe hospitali, iwe wenye mashine za kukoboa. Habari za misiba zilipita humo humo, hasa jioni, na desturi yetu ilikuwa kwamba ukisikia fulani kafariki unampelekea habari mwenye msiba hata kama humjui, wala huulizi mara mbili, maana betri ni ya mtu na inaisha.

Basi siku moja akaja dukani Mwalimu Felista, mwalimu wa Kiswahili wa shule yetu ya msingi pale mtaani, binti wa Kifipa, mpole lakini akishikilia neno haachii.

"Shikamoo Mzee Deo."

"Marahaba mwalimu. Sukari au sabuni?"

"Sijaja kununua, Mzee. Nimekuja kuazima redio."

Akanieleza mambo ambayo, niseme ukweli, nilielewa nusu. Alitaka wanafunzi wake watunge hadithi moja pamoja na wanafunzi wa Mamba, wa kwake waandike sura ya kwanza, aisome kwenye redio kila Alhamisi jioni, kule Mamba mwalimu mwenzake anaitwa Justini aipokee pamoja na wanafunzi wake, walimu washauriane hapo hapo hewani wapi pamepungua na wapi pamezidi, halafu wa Mamba waandike sura ya pili, wasome, na sisi tupokee. "Mtoto akijua kuna mwenzake mbali anasubiri kusikia, Mzee, ataandika vizuri," akasema.

Mimi sikuwaza watoto, niliwaza uenyekiti. Uchaguzi wa kamati ya shule ulikuwa unakuja, wazazi walishatangaziwa kwamba watakutana Jumamosi fulani kumchagua mwenyekiti, na mwenzangu aliyekuwa anautaka ni Bwana Nestory, karani mstaafu, mtu wa miwani na kalamu mfukoni, ambaye alishasema mbele za watu kwamba shule haiwezi kuongozwa na "darasa la nne mwenye lori." Nyie, neno lile lililala na mimi, likaamka na mimi. Ni kweli niliishia darasa la nne, lakini nilitaka siku moja, siku moja tu, wazazi wote wanyooshe mikono kwa ajili yangu na Nestory aandike jina langu kwa kalamu yake.

"Redio chukua," nikamwambia. "Ila mhusika mkuu awe mimi."

Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki.

"Yaani tajiri mfano wako?"

"Sio mfano. Mimi. Mzee Deo, mwenye lori Sina Mpinzani, wa Nsemulwa. Chombo si changu?"

Hapo ndipo nilipojimaliza, ingawa wakati ule nilijiona nimecheza karata nzuri kuliko Nestory na miwani yake.

Kazi ikaanza. Alhamisi ikifika dukani panajaa, watoto wamekaa juu ya magunia, Mwalimu Felista anasoma, mimi nimekaa nyuma yake kwenye kiti changu kama mkuu wa mkoa. Lakini walimu wale walikuwa na lugha yao, jamani. Mara "onyesha, usituambie tu," mara "hapo mto unanukaje, ova," mara "mazungumzo yamelala, yaamshe, ova," nikawa najiuliza mazungumzo yanalalaje na sisi wote tuko macho. Siku moja Justini akasema kutoka Mamba, na sauti inakuja na kupotea kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa:

"Mwalimu, wanafunzi wangu wanalalamika. Mhusika wetu hana udhaifu. Kila anachogusa anashinda. Hadithi haisogei. Apewe udhaifu hata mmoja, ova."

Nikanyang'anya kipaza sauti. "Hapa Mzee Deo mwenyewe. Udhaifu sina. Waandike hivyo hivyo, ova."

Justini akasema, "Roja, Mzee," yaani nimekusikia, kwa sauti ya mtu anayefikiri.

Jambo jingine nililoharibu ni hili. Walikuwa na mtindo, kabla ya kusoma Felista anasema "Hadithi, hadithi!" na watoto wa Mamba wanaitikia "Hadithi njoo!" na wa kwetu nao wanataka waitikie, makelele kama sokoni, na betri ya Mamba ilikuwa imechoka, nilikuwa nakataa kununua nyingine. Nikapiga marufuku. Nikasema ingieni moja kwa moja kwenye habari, kama watu wazima tunavyotuma taarifa za mizigo. Mwalimu Felista akaniangalia. "Mzee, mtu atakayefungulia redio katikati atajuaje kuwa ni hadithi?" Nikamwambia watu wa nchi hii sio wajinga.

Basi wiki ya uchaguzi ikafika, na masika ilikuwa kali, barabara zimekatika kila upande. Wanafunzi wa kwetu walikuwa wameacha sura yao pabaya: Mzee Deo amefika na lori ukingoni mwa Mto Kavuu, njia ya kwenda Mamba, maji yanapanda, viboko wanamwangalia. Mimi nilitaka avuke mara moja bila hata kupunguza mwendo, Felista akasema hapana, tunawaachia wa Mamba waamue, ndio raha yake. Kisha yeye akaenda semina Sumbawanga. Mimi nikapata habari ya maharage ya bei nzuri Mwese, milimani, upande mwingine kabisa, nikasema nitakwenda haraka, Jumamosi asubuhi niko kwenye mkutano. Dukani nikamwachia shemeji yangu Alfonsi, mdogo wake mke wangu, kijana mwenye moyo mzuri lakini akisikia mlango umegongwa kwa nguvu tu machozi yanamtoka.

Wenye kuzijua njia za milima ya Mwese wakati wa mvua wameshacheka. Lori lilizama kwenye tope kwenye mteremko, likalala ubavu kama ng'ombe mgonjwa. Tulichimba, tukakata miti tukaitanguliza chini ya matairi, wapi. Usiku tukalala kwa wenyeji wa kilimani, watu wakarimu sana, na Ijumaa nikamwachia utingo lori nikaanza kushuka kwa miguu, mbele nikapakiwa na mtu wa baiskeli, baiskeli ikatumwaga kwenye dimbwi, nikaendelea kwa miguu, na muda wote kichwani mwangu ni uenyekiti tu. Naingia Mpanda Jumamosi jua limeshapanda, tope limenikauka kuanzia kisogo hadi kidole, hata mimi nisingejijua.

Nikaenda moja kwa moja shuleni. Hakuna mtu. Madarasa matupu, uwanja mtupu. Nikajua tayari, Nestory ameuhamisha mkutano ili nisiukute. Nikashika njia ya nyumbani nikiwa nafoka peke yangu. Bombani palikuwa na mama mmoja, jirani, nikamsalimia, "Habari za asubuhi mama," akaniangalia usoni, akaachia ndoo, akakimbia bila kandambili. Nikasema huyu naye yuko upande wa Nestory.

Nilipokata kona nikaona kwangu. Turubai langu la zamani la lori limefungwa uani. Moshi. Watu wamejaa mpaka barabarani, wanaume wamekaa kwenye magogo, akina mama wanapokezana vilio ndani.

Nani? Mke wangu nilimwacha mzima. Koleta, binti yangu? Mtu anauliza vipi "nani kafa" nyumbani kwake mwenyewe? Nikakaa nyuma kabisa, kwenye gogo la mwisho, karibu na wageni wa njiani, nikashika kichwa, na machozi yakatoka yenyewe. Mzee mmoja nisiyemjua akanisogezea makaa ya moto nipate joto.

"Pole, ndugu. Wewe ni wa ukoo?"

"Ndiyo," nikasema, "nani... ilikuwaje?"

"Maji. Tajiri mwenye lori. Wanasema Kavuu imemchukua."

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Tajiri mwenye lori Nsemulwa ni mimi tu, sasa huyo mwingine katoka wapi, na kwa nini aombolezewe nyumbani kwangu kwa turubai langu?

"Alikuwa mtu wa namna gani?" nikamuuliza.

Mzee akafikiri. "Mtu wa kutoa. Ukikwama anakusaidia." Akachochea moto. "Ila atakusimulia alivyokusaidia mpaka utajuta kukwama."

Nikasema moyoni, marehemu alikuwa na kasoro kweli, Mungu amrehemu.

Kule mbele nikasikia kicheko katikati ya kilio, na sauti ya Masunga, mtani wangu, Msukuma mmoja tuliyeitana watani tangu enzi za baiskeli isiyo na breki. Mnajua watani msibani, kazi yao ni kumwiga marehemu ili watu wacheke wapumue. Alikuwa anapaaza sauti: "Nyie mnaniona? Darasa la nne mimi! Lakini mwenye vyeti vyake ananiomba lifti! Nani ana redio mbili hapa? Nani?" Watu wanacheka huku wanajifuta machozi. Na mimi, badala ya kuelewa, nikakasirika tu, nikasema huyu Masunga hana adabu, kila siku ananiiga vilabuni, leo mpaka kwenye msiba wa mtu mwingine.

Halafu Bwana Nestory akasimama, akatoa miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ndugu wafiwa," akasema, "kwa kuwa wazazi wote tupo hapa, tumefanya kikao chetu asubuhi hii chini ya turubai hili. Mimi mwenyewe ndiye niliyetoa hoja. Kikao kimeazimia kwa kauli moja kumpa Mzee Deo uenyekiti wa heshima wa kamati ya shule yetu, kwa kudumu."

Mimi nilisikia "Mzee Deo" na "uenyekiti" na "kauli moja." Nikaruka juu nikapiga makofi! Nilipiga makofi peke yangu, msibani, kwa nguvu zote, na mdomo umefunguka hadi masikioni, na tope linadondoka vipande vipande. "Asanteni sana wananchi!" nikasema.

Shingo zote zikageuka. Na mbele kabisa, kati yangu na Nestory, alikuwa amesimama Masunga, amevaa koti langu la kahawia la Jumapili, kofia yangu, na mto wa kulalia ameuingiza tumboni. Tukatazamana, mimi na mimi.

"Wewe ni nani?" akaniuliza, sauti ya kuigiza imemwisha.

"Wewe ndiye nani?" nikamuuliza. "Vua koti langu!"

Nyie, sijawahi kuona uwanja ukiwa mtupu kwa kasi ile. Sufuria la ugali lilipinduka, kamba ya turubai ikakatika turubai likamfunika Nestory, mtu mmoja mzima akapanda mti wenye waya wa redio yangu, yule mzee aliyenipa moto akabaki amekaa kwa sababu miguu ilimgomea, akawa anasema tu, "Ndugu, niliyosema nilitania, nilitania." Mke wangu akatoka ndani na khanga yake kichwani, akasimama mbali, akaniangalia juu mpaka chini kwa muda mrefu. Nikadhani atanikumbatia.

"Kwa hiyo," akasema, "ulikuwa Mwese kweli?"

(Kumbe tangu juzi yake alikuwa anawaambia watu mume wangu kaenda Mwese, huko Kavuu atafikaje, na akina mama wakamwambia mwenzetu, mwanaume akisema Mwese unaamini ni Mwese? Kwa hiyo alikuwa analilia mambo mawili kwa pamoja, na lile la pili ndilo lililokuwa linamuuma zaidi.)

Nilikuwa bado nimeshangaa pale, redio dukani ikakoroma. Alfonsi alikuwa ameiacha wazi tangu Alhamisi, akiita Mamba bila kujibiwa. Sauti ya Mwalimu Justini ikatoka, safi, na furaha tele.

"Mpanda, Mpanda, hapa Mamba. Samahani, betri ilikufa tulipomaliza tu kusoma, ndio tumetoka kuichaji kwenye mashine. Mmeionaje sura yetu? Wanafunzi wanasubiri kwa hamu, ova."

Watu waliokuwa wamejificha nyuma ya nyumba wakaanza kuchungulia mmoja mmoja. Alfonsi akabonyeza, analia. "Mwalimu... sura gani, ova?"

"Ile ya Mzee Deo kuzama! Si nimeisoma yote? Lori Sina Mpinzani linaingia Kavuu, yeye anawaambia viboko 'hamnijui mimi?', viboko hawana habari, basi, hakuonekana tena. Wanafunzi walisema mtu asiye na udhaifu hawana pa kwenda naye, bora wamtose, ova."

Ikaeleweka yote. Alfonsi, ambaye hadithi yetu hakuwahi kukaa kuisikiliza, alifungulia redio katikati ya sura, akapata maneno machache kati ya mikwaruzo, lori, Kavuu, hakuonekana tena, kisha betri ya Mamba ikazima, akaita hakuna jibu, na barabara ya Mamba mvua ilishaikata kwa hiyo hakuna wa kwenda kuhakikisha. Na mimi ndiye niliyepiga marufuku ile "hadithi, hadithi." Nikauliza, sasa watoto wetu wenyewe, wanaoijua hadithi, mbona hawakusema? Kumbe waliposikia nimefia pale pale walipokuwa wameniacha kwenye sura yao, waliamini wao ndio wameniua kwa kuandika, wakaapishana wasifungue mdomo wasije kuitwa wachawi. Kuna mmoja alikuwa ameshachana daftari lake la insha akalitupa chooni.

Mimi nikajikaza, nikakung'uta tope, nikamgeukia Nestory aliyekuwa anatoka chini ya turubai akitafuta miwani.

"Haya, yamekwisha. Mwenyekiti niko hapa. Tuendelee."

"Mwenyekiti yupi?" akasema. "Azimio lilikuwa la marehemu. Wewe ni marehemu?"

Nikisema ndiyo, ni balaa, nikisema hapana, nimejiuzulu. Wazazi wakasema basi, turudie kura, Mzee Deo na Bwana Nestory, watu wote bado wapo. Wale wale waliokuwa wamenilia kwa kauli moja! Ilipoitwa mikono ya upande wangu, Masunga akanyoosha mmoja akiwa bado ndani ya koti langu, Alfonsi akanyoosha akilia, na mke wangu akapeleka wake kichwani, akawa anajikuna. Ya Nestory ikanyooka kama mahindi ya Mamba. Akaandika jina lake mwenyewe, kwa kalamu yake, amekaa kwenye benchi langu, akiwa amekula ugali wa msiba wangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nikiwa mfu mimi ni mtu wa maana sana Nsemulwa, ila nina tatizo moja tu, kwamba napumua.

Alhamisi iliyofuata Mwalimu Felista alikuwa amerudi, ameshasimuliwa yote tangu stendi ya mabasi, akaingia dukani taratibu akitegemea nimfukuze. Sikumfukuza. Nilikuwa nimeweka betri mpya chini ya meza, na nyingine nimeituma Mamba, barabara ilipopitika tu. Watoto wakakaa juu ya magunia bila hata kusukumana, wananiangalia kama mtu anavyomwangalia mbwa aliyewahi kumng'ata. Justini akaingia hewani.

"Mwalimu, wanafunzi wangu wanaomba ruhusa ya Mzee. Wanasema wako tayari kumfufua kama anataka, ova."

Felista akanigeukia. Nyie, kwanza nilitaka kusema hapana, mniache huko huko mtoni na uenyekiti wangu wa heshima. Nikawatazama wale watoto waliokaa na siri ya kuniua siku zote zile. Nikachukua kipaza sauti.

"Hadithi, hadithi!" nikasema.

Wote kwa pamoja, wa Mpanda na wa Mamba, "Hadithi njoo!" mpaka sanduku likatetemeka.

"Nifufueni," nikasema. "Lakini jina libadilisheni, jina langu siazimishi tena mpaka nife kwa kweli, hiyo nimeapa. Na huyo mtu wenu mpeni udhaifu, ova."

Nikasikia kule Mamba watoto wananong'ona, wanabishana, mmoja anacheka hadi anakosa pumzi. Halafu Justini, kwa heshima zote:

"Roja, Mzee, asante sana. Wanauliza, waweke upi? Hapa wameshataja kadhaa, ova."

Nikamrudishia mwalimu kipaza sauti, maana hata mimi sikujua nianzie wapi.